Ukifika Mombo, Usipitilize

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga: vituo vyote tunavijua kwa kuchimba dawa, kununua machungwa na kukwepa tochi za trafiki. Wenye magari binafsi wakifika nyumbani, habari ya kwanza ni saa walizotumia njiani, na aliyetumia chache ndiye shujaa wa sebuleni. Mimi sikubaliani na mashindano hayo hata kidogo. Naamini hii ni miongoni mwa njia nzuri kuliko zote tulizonazo kwa kusafiri na kutembea, na tunaimaliza tukiwa tumelala au tukimhimiza dereva aongeze mwendo.

Tazama ramani uone mto Pangani unavyokwenda. Maji yanayoporomoka Kinukamori, pale Marangu, hushuka kwenye tambarare na kukutana na ya mto Kikuletwa, yatokayo upande wa Meru, katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kuanzia hapo ni Pangani. Mto unateremka chini ya milima ya Upare na Usambara, unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale, halafu unaingia Bahari ya Hindi kwenye mji wenye jina lake. Bonde moja linaanzia mlima Kilimanjaro wa mita 5,895 na kuishia kwenye minazi. Barabara yetu inaambatana nalo kwa sehemu kubwa ya safari, kwa hiyo mtu anayerudi Dar kutoka Moshi anaweza kulifuata hadi baharini kwa kuongeza siku chache tu.

Ila pa kuanzia kwa kweli ni Mombo. Hapo unaiacha barabara kuu na kupanda milima kuelekea Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za lami nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa korongo. Joto la Mombo linabaki chini. Katikati ya njia unafika Soni, na maporomoko yake yako karibu na barabara kiasi kwamba wengi huyatazama dirishani na kuendelea. Shuka garini. Teremka kwa miguu hadi kwenye mawe ya chini, simama mahali ambapo mvuke wa maji unakulowesha uso, kisha geuka utazame juu: maji yanagonga mwamba, yanagawanyika, yanakutana tena, na kelele yake inawalazimu mzungumze kwa kupaza sauti. Maji hayo hayo ndiyo yanayoshuka kumwagilia mashamba ya mpunga kule Mombo, na yanayobaki huingia mto Mkomazi na hatimaye Pangani.

Lushoto mjini sikai sana. Wajerumani waliuita Wilhelmstal na majengo yao kadhaa bado yapo. Ukishanunua peasi sokoni, inatosha, anza kutembea. Njia ya kwenda Irente ni kilomita chache kupita mashamba ya kabichi na maharage yaliyokatwa matuta, na watoto watakusalimia tangu ukiwa mbali. Mwisho wake ni ukingo wa mwamba. Ardhi inakatika ghafla, na karibu mita 1,000 chini yako ipo Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari. Mkonge huo una historia ya ajabu: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo ndipo ulipozaliwa mkonge uliobeba uchumi wa Tanga kwa miaka mingi. Katikati ya tambarare hiyo unaiona barabara kuu ya Moshi na mabasi yanayokimbia juu yake. Kila nikisimama pale huwa natamani abiria wale wangeinua macho.

Msitu wa Magamba, karibu na Lushoto, uingie na mwenyeji. Siku moja kijana aliyetuongoza alisimama mbele ya kichaka ambacho sisi tulikuwa tumekipita, akaonyesha kwa kidole bila kugusa tawi. Ilituchukua muda kuona. Alikuwa kinyonga wa kijani mwenye pembe mbili puani, amekunja mkia, jicho moja linatutazama na jingine limeelekea kwingine. Aina hiyo iko katika milima hii ya Usambara. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa kinyonga, na yule kijana alieleza taratibu, bila kutucheka, kwamba hana sumu na kwamba msitu ukikatwa hana pa kwenda. Ningepita hapo peke yangu hata mara mia nisimwone.

Kwa hiyo nawasihi wanaosema “sisi ni Watanzania, tutamlipaje mtu atuonyeshe njia ya kwetu?” Mlipeni. Njia hizi za miguu hazikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni za watu wanaokwenda shambani, sokoni na shuleni, nyingine zinapita uani kwa mtu. Mwenyeji anajua pa kupiga hodi, anajua daraja lipi limechukuliwa na maji, anajua mzee yupi wa kusalimiwa kwanza. Fedha yako inabaki kijijini, na kijana anapata sababu ya kuulinda msitu badala ya kuukata apate mkaa. Hifadhini nako, mwananchi hulipa kiingilio cha chini mno kuliko mgeni kutoka nje. Tukiwa tayari kutumia fedha nyingi kwa usiku mmoja wa sherehe mjini, tusidai kwamba kutembea nchini kwetu ni anasa ya Wazungu.

Jambo linaloniumiza ni namna tunavyokwenda tunapokwenda. Nimefika kwenye maporomoko na kukuta spika imewekwa juu ya jiwe, muziki umefunguliwa hadi mwisho, chupa za plastiki zinaelea kwenye kidimbwi ambacho wanawake walio chini kidogo wanatekea maji ya kupikia. Wale hawakuwa wageni wa mbali. Walikuwa watu wa mjini kama mimi. Maji hayo yana wanaoyasubiri njia nzima hadi Pangani; takataka zako rudi nazo garini.

Mwenye nguvu aendelee hadi Mtae, kijiji kilichokaa kwenye mgongo wa mlima kilomita 60 hivi kutoka Lushoto, kinachotazama tambarare za Mkomazi. Masika uliza kwanza hali ya barabara. Chukua sweta, hasa Juni na Julai.

Halafu shuka baharini. Kutoka Segera unakwenda Muheza, na hapo mpenda misitu atakata kona kwenda Amani, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902. Tanga hadi Pangani ni kilomita 50 hivi. Mji wa Pangani utembee jioni, kando ya mto, kupita nyumba za zamani zenye milango ya nakshi. Hapa ndipo Abushiri bin Salim alipoongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na hapa ndipo walipomnyonga Desemba 1889. Asubuhi tafuta nahodha akupeleke Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Sasa ni fungu la mchanga mweupe linaloibuka maji yakitoka na kuzama yakijaa, kwa hiyo saa ya kuondoka anaipanga nahodha, usimharakishe.

Sitegemei kila mtu amalize yote haya kwenye likizo moja. Mwenye siku moja ya ziada Desemba hii apande Mombo, alale Lushoto, atembee Irente alfajiri kabla ukungu haujatanda. Mwenye siku tatu ashuke na maji hadi Pangani. Ndugu wanaowasubiri watawavumilia, mradi mmewapigia simu mapema kuwaambia mtachelewa.