Mjumbe, usisaini usichokiona

Watu wa Tanga tuna tabia moja inaniuma sana, polisi wakija kupekua nyumba mtaa mzima unatoka kuangalia, na kabla hata difenda haijaondoka mtu ashahukumiwa, "huyo si alikuwa anauza unga tu", yaani dawa za kulevya. Nimeyasikia Ngamiani kwenye kahawa, Makorora pia, tena wanaosema ni watu wazima. Wakati Katiba ibara ya 13(6)(b) inakataza kabisa mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike.

Ila leo naongea na wajumbe wetu na wenyeviti wa mitaa, maana wao ndo wanaogongewa mlango wakashuhudie. Mjumbe anafika anakuta upekuzi ushaisha, kifurushi kiko mezani, anaambiwa mzee weka saini hapa, naye anaweka kwa sababu anamwogopa afande au anaona haya kubisha mbele za watu. Jamani! Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka askari akichukua kitu atoe stakabadhi, asaini mwenye nyumba na asaini shahidi aliyekuwepo, yaani ALIYEKUWEPO, sio aliyeitwa kuja kumalizia karatasi. Kesi ikifika mahakamani utaulizwa kilitoka chumba gani, kilikuwa chini ya godoro au kabatini, nani alikishika kwanza, utajibu nini? Hapo mtu asiye na kosa anaweza kufungwa kwa saini yako, au muuza unga wa kweli anatoka kwa sababu upekuzi ulikuwa mbovu, na Mahakama ya Rufani imeshaachia watu kwa kasoro za namna hiyo zaidi ya mara moja.

Na mi sitetei wauzaji. Mpaka wa Horohoro wa kuingia Kenya uko kwetu, bahari nayo ina njia zake, mirungi na unga vinapita na vijana tunawaona wanavyoisha. Ndo maana nataka kazi ifanyike sawasawa.

Mwenye nyumba naye aulize hati ya upekuzi, kwa adabu tu, shikamoo afande naomba kuona hati. Kuna dharura sheria inaruhusu kuingia bila hati, sawa, lakini ibara ya 16 inalinda maskani ya mtu kwa hiyo kuuliza sio kiburi. Upekuzi wa hati ni mchana, usiku mpaka mahakama iruhusu, na mwanamke anapekuliwa mwilini na mwanamke mwenzie. Kituoni una haki ya kukaa kimya na kuita ndugu au wakili, usikimbilie kusaini maelezo ya onyo, yaani maelezo yako polisi wanayoandika baada ya kukuonya, ambayo hujasomewa, wengi wanajimaliza hapohapo wakidhani wakisaini wataenda nyumbani.

Nirudi kwa mjumbe. Ukiitwa toka haraka, ingia nao chumba kwa chumba, kila kinachotolewa kione kwa macho yako. Na ukikuta vitu vishatolewa, andika hivohivo kwenye karatasi kwamba umevikuta mezani, andika na saa uliyofika, ndo usaini.