Opsheni za mafuta: kamari au arabuni?

Kuna mzee mmoja barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, aliyefanya kazi katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe mpaka mitambo ikazimwa mwaka 2013. Habari za mafuta humwambii kitu. Juzi alimkuta mpwa wake na simu mkononi, saa kumi na nusu alasiri, soko la New York ndiyo kwanza linafunguliwa, ananunua opsheni za mfuko wa XLE. Mzee akauliza ni kitu gani, akaelezwa, akakiweka kikombe cha kahawa chini. "Kamari," akasema. "Tofauti na ile ya mpira ni kwamba hii ina Kizungu kingi."

Hukumu hiyo imenikaa kichwani. Nusu yake ni kweli, na nusu inamwonea kijana.

XLE ni kapu la hisa za kampuni za nishati za Marekani, lipo sokoni tangu Desemba 1998, na ExxonMobil na Chevron peke yao huchukua karibu asilimia 40 ya kapu zima. Opsheni ni haki ya kulinunua, au kuliuza, kwa bei mliyopatana kabla ya tarehe mliyoiweka. Mkataba mmoja ni wa hisa 100. Tuseme hisa iko dola 50, nawe unanunua haki ya kuipata kwa 52 ndani ya miezi miwili, kwa dola 1 kila hisa. Umetoa dola 100, kama shilingi 13,000 za Kenya hivi. Siku ya mwisho hisa ikiwa 55, haki yako ina thamani ya dola 300. Ikiwa chini ya 52, zile 100 zimekwenda, wala hudaiwi zaidi.

Watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na Chicago, ambako soko rasmi la opsheni lilifunguliwa mwaka 1973. Mtu akikipenda kiwanja Mtwapa na fedha hazijatimia, hutoa arabuni. Mwenye kiwanja hamuuzii mwingine mpaka muda upite. Mnunuzi akirudi, wanamalizana. Asiporudi, arabuni imeliwa. Sijamsikia mtu akimwita mcheza kamari kwa hilo. Wanasema tu hakujaliwa.

Wenye elimu ya dini watanikatiza hapa, na wana haki. Baraza la kimataifa la fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, la Jeddah lilizikataa opsheni mwaka 1992, kwa hoja kwamba kinachouzwa si mali, wala manfaa, wala haki ya kifedha inayofaa kubadilishwa. Mwaka uliofuata baraza hilohilo likaikubali arabuni, mradi muda wake ujulikane. Tofauti ipo kweli: arabuni huhesabiwa ndani ya bei ukimaliza kununua, ilhali dola zako 100 za opsheni hazirudi hata ukinunua. Anayefuata uamuzi huo, kwake mjadala umeisha, nami simvuti shati. Ila nakumbusha kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameikataa arabuni yenyewe tangu zamani, na walioiruhusu ni Mahanbali. Hata hivyo sijaona kiwanja cha Mtwapa kilichouzwa bila ya hiyo arabuni.

Upande wa mzee una silaha moja ambayo kila mtu huirusha: eti asilimia 90 ya opsheni hufa bila thamani. Nimeisikia barazani, nimeisikia kwa vijana wenyewe waliounguzwa. Asili yake naijua. Takwimu zinazonukuliwa kwa miaka mingi katika soko la Marekani zinasema kama asilimia 10 tu ya mikataba ndiyo hutekelezwa, yaani mwenye haki akaitumia. Mtu akatoa 10 katika 100, akabaki na 90, akaitangaza kuwa ni maiti. Kumbe takwimu hizohizo zinaonyesha zaidi ya nusu hufungwa kabla ya tarehe, kwa mwenye nayo kuiuza sokoni. Zinazokufa kabisa ni kama thuluthi.

Najua jibu la mzee: aliyeuza kabla ya tarehe huenda aliuza kwa hasara. Kweli. Lakini hata ile thuluthi inahitaji kuangaliwa vizuri, maana kila opsheni iliyokufa ina muuzaji aliyebaki na fedha. Halafu kuna wengine waliokuwa wakiomba ife. Mwenye hisa za XLE aliyenunua haki ya kuziuza, akiogopa bei isiporomoke, mkataba wake ukifa maana yake hisa zake ziko salama. Mwenye tuktuk aliyemaliza mwaka bila kugonga halalamiki kwamba bima yake "imekufa bila thamani". Namba hiyo inamhesabu huyu pamoja na aliyetupa mshahara wake Alhamisi kwenye opsheni inayokwisha kesho yake, kisha inawaita wote wacheza kamari.

Huyo wa Alhamisi simtetei. XLE ina opsheni za kila wiki, na hizo zinayeyuka kama barafu ya mkokoteni wa samaki: kila siku inayopita bila bei kusogea inakata kipande, na siku za mwisho inakata zaidi. Tena vita vikinukia, kila mtu hutaka kinga na bei ya opsheni hupanda kabla hujanunua. Unaweza kubashiri sawasawa, hisa zikapanda kweli, na bado ukatoka mikono mitupu kwa sababu hofu iliyokuwa ndani ya bei imepoa. Mimi mwenyewe limenipata, na nilikaa siku mbili nikimlaumu dalali kabla sijaielewa hesabu.

Kosa jingine ni kudhani XLE ni mafuta. Tarehe 20 Aprili 2020 pipa la mafuta ghafi ya Marekani lilifunga siku kwa bei ya dola 37.63 chini ya sifuri. XLE siku hiyo ilishuka kwa asilimia chache tu, na ikaumaliza mwezi ikiwa juu ya ilipouanzia. Mwaka 2022 soko zima la Marekani lilianguka, XLE ikapanda kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mwenye tuktuk anayeambiwa ajikinge na bei ya petroli kwa opsheni hizi anauziwa kinga yenye matundu: bei yake hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, tarehe 14 kila mwezi, na kodi zetu zimo ndani, kitu ambacho ExxonMobil haihusiki nacho.

Nilimpa mzee hesabu ya asilimia 90 jinsi ilivyozaliwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mpwa wake. "Yako inakwisha lini?"

"Ijumaa hii."

Mzee akaniangalia mimi, akaagiza kahawa nyingine.