Redio ya mama mkwe

Kwetu huku Busia, upande wa Uganda, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hampeani mikono, hamkai kivuli kimoja, na mkikutana njiani mmoja wenu anajitosa kwenye mihogo hadi mwenzake apite. Akiwa na neno na wewe, anatuma mtoto.

Jumamosi moja mtoto akaja. "Mama anasema redio yake inamaliza mawe kama mbuzi kwenye shamba la kunde. Anasema, kama kweli wewe ni fundi, uiunganishe na betri ya sola."

Kama kweli! Mimi ni fundi wa simu. Nabadilisha vioo, spika na sehemu za kuchajia, basi. Lakini siku ya mahari mjomba wangu alinitambulisha kama injinia, na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu badala ya kukanusha. Sasa deni limeiva.

Redio yenyewe inatumia mawe makubwa manne, yaani betri kavu, jumla volti 6. Betri ya sola ni ya volti 12, na ikishiba inafika 12.6. Ukichomeka hivihivi unaichinja. Nikaenda sokoni nikanunua diodi ya Zener, au zena, kifaa cha kuzuia volti zisipande, ya volti 6.2, ya wati 1, kwa shilingi 500, na rizista ya omu 47 ya kubana umeme. Kwa redio ndogo isiyokula zaidi ya miliampea 40, hivyo viwili vinatosha. Hapo nilikuwa sawa, niandikieni hata hilo.

Nikaweka meza chini ya mfenesi. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya pazia, pindo la gomesi likichungulia kwa chini. Pembeni yangu alikaa shemeji yangu mdogo wa senior three, yaani kidato cha tatu, kalamu sikioni, macho kama afisa wa forodha. Nikapandisha sauti ili pazia nalo lisikie.

"Shemeji, Zener ni jina la mtu. Clarence Zener, Mmarekani. Mwaka 1934 alieleza jinsi umeme unavyoweza kuvunja kizuizi na kupita mahali ambapo kwa kawaida haupiti." Nikachukua mita ya kupimia umeme, nikaigusisha diodi huku na huku. Upande mmoja volti 0.7, upande wa pili haipitishi kitu. "Nimeipima pande zote mbili. Iko sawa!"

Pazia likatikisika. Nikajua nimesikika.

Nikalehemu. Diodi hii ni kijipipa cha kioo, ndogo kuliko punje ya mchele, na ncha moja ina mstari mweusi. Diodi ya kawaida umeme huingia ncha isiyo na mstari na kutokea kwenye mstari. Nikasema moyoni, diodi ni diodi. Mstari nikaupeleka hasi.

Nikawasha. Kimya. Nikazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho, kimya. Nikapima pale redio inapopokea umeme: 0.7. Betri nzima ya sola iko pale, na redio imepewa sifuri nukta saba, kama mgeni aliyepewa mfupa wakati nyama iko jikoni.

Kisha pua ikaniambia jambo. Zena ilikuwa baridi kama maji ya mtungini, lakini rizista ilikuwa inabadilika rangi. Nikaigusa. Sitaandika nilichosema, maana pazia lilikuwa palepale.

"Mama anauliza," mtoto akaja mbio, "hiyo ni harufu ya nini?"

"Mwambie inapata joto kwanza."

Shemeji akashusha kalamu. "Lakini shemeji, mwalimu wetu alisema zena hupewa umeme kinyume. Mstari uende chanya."

Hapa niwaeleze kwa lugha ya mpakani. Ukiipitishia umeme kwa mbele, zena ni kama diodi nyingine yoyote: inatoza ushuru wake wa volti 0.7 hivi, kisha inafungulia kila kitu. Ndicho nilichofanya. Umeme wote wa betri ulikuwa unapitia kwake kurudi hasi, redio ikaambulia 0.7, na rizista ya wati 1 ikabebeshwa karibu wati 3. Ukiigeuza, sasa ni geti lililofungwa. Malori yanapanga foleni, geti halijali. Volti 3, halijali. Volti 5, bado. Msukumo ukikaribia 6.2, geti linafunguka, linapitisha ile ziada tu, na foleni inabaki palepale, 6.2. Redio inachota kwenye foleni hiyo. Yaani diodi hii imenunuliwa kwa ajili ya kazi ya kinyumenyume, na mimi nimeiweka kwa heshima, uso mbele.

Je, nilimwambia mtoto wa senior three kwamba yuko sahihi? Nilimwambia, "Nilikuwa nakupima tu."

Hapo ningeigeuza tu tukaenda kula. Lakini nilikwisha kuamua kwamba diodi ile imeungua, maana haiwezekani injinia akosee na kifaa kiwe kizima. Nikafungua kopo langu la vikorokoro, nikatoa nyingine iliyofanana nayo kama pacha: kioo kilekile, mstari uleule. Maandishi yalikuwa 1N47, mengine yamefutika. Mita ikasema 0.7 huku, kimya kule.

"Nimeipima pande zote mbili!" nikatangaza tena. "Iko sawa!"

Mita yangu, ikipima diodi, haitoi hata volti 4. Haina nguvu ya kufungua geti la volti 6.2, wala la 12, kwa hiyo yote mawili yanaonekana sawasawa. Ile niliyoitoa koponi ilikuwa ya volti 12. Hilo nililijua jioni, kwa kutumia lenzi.

Nikafunga rizista mpya, mstari chanya, nikawasha. Redio ikaimba! Iliimba kwa sauti ambayo haijawahi kuwa nayo tangu inunuliwe. Majirani wakatoka. Ndani nikasikia kigelegele, na mimi nikaegemea kiti kama mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji. Geti la 12 lilikuwa bado linangoja malori. Redio ya volti 6 ilikuwa inakunywa 10 na ushee.

Baada ya dakika kama tatu, kapasita ya redio, kile kikopo cha kutunza umeme, iliyoandikwa volti 6.3, ikasema PAA! Moshi, na vipande vya karatasi vikaruka kama kumbikumbi siku ya mvua.

Mama mkwe akatoka mbio, mwiko mkononi. Mimi nami nilikuwa nimeruka kutoka kitini, nakimbilia mlangoni kurudi nyuma huku nikitazama redio. Tukagongana. Na kwa kuwa alitaka kuanguka, nikamdaka mkono.

Kijiji kizima kikanyamaza. Hata kuku.

Baba mdogo wa mke wangu alikuwa anakula rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, chini ya mti wa jirani. Akafuta mdomo taratibu, akasema neno moja: "Mbuzi."

Diodi ya kwanza nilikuja kuigeuza siku iliyofuata, mstari chanya, pamoja na kapasita mpya. Ilikuwa nzima kabisa. Nikapima: 6.2. Redio inaimba hadi leo.

Jumamosi iliyofuata nikafika na beberu mweupe, kamba mkononi, nikasimama mbali kwenye mihogo kama desturi inavyotaka. Pazia likatikisika. Mtoto akaja anakimbia, kajiziba mdomo asicheke.

"Mama anauliza: huyo umempima pande zote mbili?"