Daraja la nyaya Lindi: tuogope tetemeko au tope?

Pantoni ya kwenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba, ikichelewa, gatini Lindi huzuka mjadala ule ule: kwa nini tusijengewe daraja la nyaya kama la Kigamboni? Hakosekani wa kujibu kwamba bahari yetu nayo hutetemeka. Agosti 2020 si lilipiga tetemeko la kipimo cha 6 hivi baharini, kusini mashariki ya Dar es Salaam? Nyaya zikikatika, nani atatuopoa?

Huyo wa pili ana haki ya kuogopa, ila anaogopa nyaya bure. Mtikisiko mkali wa tetemeko la karibu huenda na kurudi ndani ya sehemu ya sekunde, na mwendo huo ndio unaovunja vitu vifupi na vigumu. Daraja refu la nyaya lina mwendo wake: sakafu yake, iliyoning'inizwa kwenye minara, huweza kuchukua sekunde kadhaa kwenda na kurudi mara moja tu. Mtikisiko wa haraka hupita kabla halijashika kasi. Ugiriki wamejenga daraja la Rion-Antirion, lenye sakafu ya mita 2,252 inayoshikwa na nyaya, mahali ambapo mwamba haukufikiwa chini ya bahari. Waliushindilia udongo mabomba ya chuma, wakatandaza kokoto, kisha wakaikalisha minara juu yake bila kuifunga, ili ardhi ikisogea iteleze. Lilifunguliwa 2004. Mwaka 2008 tetemeko la 6.4 likapiga jirani, daraja likabaki salama.

Lakini kinachoyumba polepole huyumba mbali. Tetemeko lilipopiga mji wa Kobe, Japani, Januari 1995, nyaya za daraja la Higashi-Kobe hazikuwa tatizo. Vilivyoharibika ni beringi, yaani vikalio vya sakafu, na viungo vya mwishoni, pale sakafu inapokutana na nguzo za pembeni. Tetemeko la Taiwan la 1999 lilikuta daraja la Chi-Lu karibu kumalizika; mnara ukapasuka na waya mmoja ukachomoka kwenye kishikizo chake. Tena madaraja haya hayafyonzi mtikisiko vizuri: yakianza kuyumba hayatulii upesi, ndiyo maana hufungwa vifaa mithili ya shokapu za gari.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni tope. Mwaka 1985 tetemeko la pwani ya Pasifiki liliubomoa mji wa Mexico, zaidi ya kilomita 300 kutoka lilikoanzia. Tope la ziwa la kale chini ya mji lilikuza mawimbi ya polepole, ya sekunde 2 hivi, na majengo ya ghorofa za wastani yaliyoyumba kwa mwendo huo huo ndiyo yaliyoumia zaidi. Ghuba ya Lindi inapokea maji ya Mto Lukuledi na kila yanachokibeba. Daraja la mwendo wa polepole juu ya ardhi inayokuza mawimbi ya polepole: hapo ndipo pa kuuliza maswali, hata tetemeko likiwa la mbali.

Hata hivyo, Mei 2024 barabara yetu ya Dar es Salaam ilikatika kule Somanga kwa mvua na Kimbunga Hidaya, wala ardhi haikutikisika. Kusini madaraja huuawa na maji. Na hapa ndipo nyaya zina hoja ambayo gatini sijaisikia: huruhusu nafasi pana kati ya nguzo na nguzo, kwa hiyo miguu michache tu ndiyo inayosimama majini kuchimbuliwa na mkondo.

Ningekuwa na sauti, fedha ya kwanza ingekwenda kuchoronga ardhi ya ghuba, tujue tope lina kina gani. Likiwa na kina kirefu, nyaya zina maana licha ya wasiwasi wangu, kwa kuwa miguu ya kuizamisha ni michache, mradi beringi na viungo vya mwishoni visifanyiwe ubahili. Likiwa na kina kifupi, mihimili ya zege ya kawaida, kama ya Daraja la Mkapa kule Rufiji, ingetuvusha bila mbwembwe za Kigamboni.