Farasi mia nne na punda mmoja wa Barani

Nimechoka kuulizwa barabarani wacha niseme mwenyewe, maana video mshaiona nyote na kila mtu anaisimulia vile apendavyo yeye. Yule jamaa wa kanzu anayesukuma gari huku kiatu kimoja amekishika mkononi ni mimi.

Mimi naangalia nyumba ya Mtaliano pale Casuarina, mwaka wa sita sasa. Watu wa Malindi hamna haja ya kuelezwa, nyinyi wengine jueni tu kwamba hapa kwetu hata muuza mabuyu anakupa bei kwa Kitaliano, hawa watu tuko nao tangu zile siku za San Marco, kituo chao cha anga, walipoanza kurusha satelaiti kutoka baharini kule Ngomeni, 1967. Huyu wangu mimi namwita Sinyore. Anakuja Desemba, Machi anaondoka, miezi iliyobaki tunakaa wawili, mimi na gari yake.

Gari sasa. Jina silitaji, Malindi ni ndogo na gari kama ile iko moja tu. Milango miwili, injini ya V8, yaani silinda nane, nguvu za farasi mia nne, imelala chini kama paka anayevizia panya. Kila akinywa kahawa Sinyore lazima anieleze upya, ati gari kama hii ni GT, yaani gran turismo, safari kubwa, yaani utoke Milano asubuhi ule chakula cha usiku Paris na mgongo haukuumi. Ati Ferrari wako Maranello, Maserati Modena, Lamborghini Sant'Agata, na kote huko ni pua na mdomo, kama sisi na Gede. Akaniambia ile Maserati GranTurismo ya 2007 injini yake ilikuwa inaundwa kwa Ferrari, na mpaka wanaisimamisha 2019 zilikuwa zimetoka kama elfu arobaini tu ukijumlisha na zile za kukunja paa. Nikamuuliza elfu arobaini si nyingi hizo Sinyore? Akacheka mpaka akakohoa, ati Toyota wanatoa hizo kwa siku mbili. Nikapiga hesabu kwa simu, milioni kumi kwa mwaka gawanya siku mia tatu na kitu, wallahi kweli.

Sasa kitu adimu raha yake ni kukitazama. Siku kikiharibika ndio utajua. Mwaka juzi tuliagiza sensa moja ya mlango, ikaja kwa ndege, udogo wake kama punje ya mahindi na bei yake ungepata mbuzi wawili na kamba zao.

Masharti yake hayakuwa magumu. Kila Jumapili niiwashe, niizungushe hadi Silversands nirudi, nikifika nichomeke chaja ya betri. "Amico, hizi gari hazifi kwa kutembea, zinakufa kwa kukaa." Nikamwambia sì, sì. Wiki tatu za kwanza nilifanya kama malaika. Halafu petroli ikapanda, halafu nikashikwa na mambo, halafu ile gereji ina soketi moja tu na mimi nikaipatia soketi matumizi mengine, tutafika huko.

Basi binti ya dada yangu akaposwa. Dada akanigeukia mbele ya mashemeji wote wameketi mkekani, "Kaka, bibi harusi si utambeba wewe na ile gari yako?" Gari YAKO. Hapo mwanamume mwenye akili angesema ni ya mwenyewe. Mimi nilirekebisha kofia nikasema hilo limekwisha.

Siku yenyewe, Jumamosi, saa tisa mchana, nimeoga, nimepiga kanzu, nimejifukiza udi mpaka mbu wamehama. Bibi harusi yuko saluni ananingoja saa kumi. Nikaingia gereji nikabonyeza ufunguo. Kimya. Nikabonyeza tena kwa nguvu, kama vile nguvu ya kidole itasaidia. Kimya.

Ndani ya rimoti kuna kijifunguo cha chuma, nikafungua mlango nacho, ukafunguka nusu ukagoma. Mnajua hizi gari kioo cha mlango hakina fremu, ukivuta mlango kioo kinashuka kidogo kama upana wa kidole ndio kitoke kwenye mpira. Bila umeme hakishuki. Nikawa navuta mlango huku nakibembeleza kioo kama mtoto wa jino.

Nikamwita Fundi Bakari, yeye ni fundi wa tuktuk lakini anajiamini. Akafungua boneti, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akaingiza kichwa chote, akatoka na sura ya msiba.

"Kaka, wamekuibia betri."

Roho yangu mnaijua ilikokwenda. Nikampigia Sinyore, kwa bahati akashika, nikamdanganya kwamba nataka kuifuta vumbi tu betri, naipataje. Akasema betri iko nyuma, kwenye buti. Tukashukuru Mungu tukaenda nyuma. Buti halina tundu la ufunguo. Linafunguliwa kwa kitufe. Kitufe kinataka umeme. Umeme uko kwenye betri. Betri iko kwenye buti. Fundi Bakari aliielewa hiyo hesabu pole pole, akageuza ndoo akakaa, akauliza, "Aliyeunda hii gari alikuwa amegombana na nani?"

Nikapiga simu tena. Kumbe kuna tundu la dharura wamelificha, wewe mwenyewe huwezi kuliona hata ukiambiwa liko wapi. Saa kumi kasorobo buti likafunguka, tukapiga takbiri.

Betri imekufa fyuu. Bakari akaleta waya za jampa akaunganisha na tuktuk yake. Tuktuk ikazima na yenyewe. Sasa tuna wagonjwa wawili. Nikatoka barabarani nikasimamisha Probox, dereva ana abiria saba wa Mombasa ndani, wote wakashuka kutazama, mmoja akaanza kurekodi (huyo ndiye aliyeanzisha fitina yote). Jampa ikashika, nikapiga stata, na jamani, ile sauti! Kuku wa jirani mpaka leo hawatagi upande ule. Watu wakapiga makofi. Nilisahau shida zote, nikapandisha kioo, nikashusha kioo, bila sababu.

Saluni nikafika saa kumi na nusu. Bibi harusi akaingia mbele na gauni lake, mita sijui ngapi, lingine likabaki mapajani mwangu. Nyuma ikabidi aingie shangazi, ametoka Lamu kwa ajili ya shughuli, mwili anao mashallah, na viti vya nyuma vya hizi gari ni vya kuwekea koti. Akasukumwa, akapindwa, akaingia. Nikamsikia nyuma, "Mwanangu hiki ni kiti au ni kabati? Kwetu Lamu punda hupandwa mara moja tu, na betri hana."

Vitufe vya dashibodi, huo ni ugonjwa wa gari nyingi za Kiitaliano za miaka hiyo, ile rangi laini ya juu ikipigwa na joto inayeyuka inanata kama halua. Na hapa joto ni letu. Bibi harusi akagusa kitufe cha AC. Glavu nyeupe, kidole cha shahada, cheusi tii. Akakitazama. Hakusema neno, na ningependelea angesema.

Tukafika mtaa wa Barani, mita mia tatu hivi tufike ukumbini, kuna lile tuta jipya. Nikalipanda kwa mshazari kama Sinyore anavyofanya, tumbo likasema kraaa, tukakaa juu yake kama jahazi kwenye fungu. Vijana wakaja kuinua. Na mimi, kwa vile nilitia petroli ya elfu moja tu na V8 ikinguruma bure naisikia inavyokunywa, nikaweka nyutro nikazima injini. Nikazima. Betri iliyofufuka nusu saa iliyopita. Wakainua, tukavuka salama, nikapiga stata: tik tik tik tik. Basi.

Probox iko Gede saa hiyo. Pale karibu yuko mzee na mkokoteni wa punda, anauza maji. Tukashusha madumu, tukafunga ile pete ya kuvutia, kamba, punda mbele, vijana nyuma, mimi mlangoni nashika usukani huku nasukuma, kiatu kikatoka. Shangazi tukamwomba ashuke kupunguza uzito. "Nimeingia kwa dhiki, sishuki ila ukumbini." Akatoa kichwa dirishani upande wa bibi harusi akawa anamsemesha punda, sijui alimwambia nini Kiamu kile, yule mnyama akakaza mwendo. Vigelegele tulivyopokelewa navyo vilikuwa nusu vigelegele nusu kicheko.

Nikampa mwenye punda mia tano. Akaikataa.

"Vijana wananiambia humu ndani mna farasi mia nne. Punda wangu amewavuta wote. Shilingi tano kila farasi."

Elfu mbili nilitoa, watu wanashuhudia, ningefanyaje.

Sinyore amekuja juzi Jumatatu. Video alikuwa nayo kitambo, hakufoka. Aliingia gereji akafuata waya wa chaja kwa macho, ukutani chaja hakuna, kuna friza la mke wangu la kugandishia barafu za ukwaju na ubuyu anazouzia watoto wa shule. Akalifungua. Akachukua moja ya ukwaju, akakata ncha kwa meno, akala yote amesimama. "Buono," akasema. Halafu akachomoa friza, akachomeka chaja, akaenda kulala.

Asubuhi gari iliwaka mara moja. Barafu mia na themanini zilikuwa maji, na mke wangu tangu siku hiyo ananisemesha kupitia mtoto.