Kisu cha Saba

Kabla sijakanyaga nyumba ile ya vijana wasioishi na wazazi wao, nilikokwenda fildi kama mwanafunzi wa malezi, Kanada ilikuwa imenichunguza kuanzia mapafu hadi vidole. Mapafu yalitangulia. Mwanafunzi wa kigeni anayetaka kufanya kazi na watoto kule anapimwa na daktari waliomteua wao wenyewe, na huyo wangu alinipiga eksirei na kuniuliza kuhusu kikohozi ambacho sikuwa nacho, mpaka nikakohoa.

Halafu polisi. Kuna ukaguzi wa pekee kwa kila anayetaka kuaminiwa na watoto au watu wasioweza kujitetea, na humo wanachungulia hata rekodi za makosa ya kingono yaliyokwisha kusamehewa. Nikajaza fomu kwa raha zangu. Likaja jibu la kuniita nipeleke alama za vidole.

Siku tatu sikulala. Nilipitia maisha yangu yote kosa kwa kosa, nikafika mpaka darasa la nne, kwenye kifutio nilichomwibia jirani yangu wa dawati. Siku ya nne karani wa polisi, mama mmoja aliyening'iniza miwani kwa mnyororo, alinieleza bila kuinua macho kwamba hapo mfumo haumtafuti mtu kwa jina, maana majina hubadilishwa. Unalinganisha jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Kwa hiyo kuna mwanamume fulani, mahali fulani katika nchi ile, aliyeamua kuzaliwa siku moja na mimi kisha akaharibu. Mama akanishika kidole gumba, akakilaza juu ya kioo cha mashine. "Legeza," akasema. "Wote huwa mnakaza."

Wiki kadhaa baadaye barua ikanisafisha. Nayasema haya ujue niliingia fildi nikiwa na kifua gani. Nilikuwa na karatasi ya serikali inayosema mimi si mhalifu. Wangapi wanayo?

Kozi yenyewe inaitwa malezi ya watoto na vijana, na kule Ontario stashahada yake inachukua miaka 3. Mama yangu, aliyelea sita bila kusoma ukurasa hata mmoja, aliniuliza kwenye simu kama kuna mtihani wa kubembeleza. Nikamwambia upo, ila wa kuandika ripoti ni mgumu zaidi. Akacheka mpaka salio likaisha.

Lakini si kazi ya kubadilisha nepi, kama wengi wanavyodhani. Watoto wengi niliowakuta fildi walikuwa wakubwa, miaka 12, 14, 16, wanaishi kwenye nyumba ya kawaida mtaani na wafanyakazi wanapokezana zamu. Kazi haina ofisi. Inafanyika mkiosha vyombo, mkiwa kwenye gari, mkigombea rimoti. Darasani tulimsoma sana Fritz Redl, mzaliwa wa Austria aliyeendesha nyumba ya wavulana wenye hasira pale Detroit kuanzia 1946. Yeye alisisitiza uzungumze na mtoto palepale jambo lilipotokea, usisubiri miadi ya wiki ijayo, na sehemu ya mazungumzo hayo aliiita huduma ya kwanza ya hisia. Nilipenda sana maneno hayo. Niliyapigia mstari kwa kalamu ya kijani. Sikujua kwamba mgonjwa wa kwanza ningekuwa mimi.

Nyumba ile ilikuwa na kabati la visu. Linafungwa kwa kufuli, na ndani ya mlango imebandikwa karatasi: visu 7, mikasi 2. Kila zamu inapokabidhiana vinahesabiwa kimoja kimoja, kwa sauti, kama kura. Anayechukua kisu anaandika jina. Hilo niliambiwa siku ya kwanza, nikatikisa kichwa kwa busara, hata nikaliandika kwenye daftari.

Alhamisi hiyo mvua ya barafu ilinyesha tangu mchana. Ngazi za mbele ziling'aa kama kioo, na msimamizi akapiga simu kusema tumwage chumvi ya kuyeyusha barafu kabla mtu hajavunja kiuno. Mwenzangu wa zamu alikuwa anapika, kabati liko wazi mbele yake. Mfuko wa chumvi ulikuwa wa plastiki nene, ule unaokataa meno. Nikachomoa kisu kidogo chenye mpini mwekundu, nikavaa koti, nikatoka. Nikachana mfuko, nikamwaga chumvi kwa mikono iliyokwisha kufa ganzi, nikarudi ndani nikipuliza vidole, nikatundika koti. Nikala. Nikasaidia mtoto mmoja hesabu za sehemu, akapata zote kwa sababu hakunisikiliza.

Saa tano usiku zamu ya usiku ikaingia. Tukafungua kabati. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita." Kimya. Akarudia, safari hii akigusa kila kisu kwa kidole. Sita.

Hapo utaratibu ni mmoja: vijana wote wanaletwa sebuleni, msimamizi anapigiwa simu, nyumba inapekuliwa. Na mimi, ndugu msomaji, sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama usiku ule. Nilichungulia tangi la choo. Nilikung'uta soksi. Nilimwaga boksi zima la nafaka za asubuhi kwenye bakuli, nikavuruga kwa kijiko. Nilisimama katikati ya sebule mikono kiunoni nikauliza kwa sauti ya hakimu nani alikuwa jikoni kabla ya chakula. Watoto wanne wakaniangalia kutoka kwenye kochi, wamejifunika blanketi moja.

Kulikuwa na mmoja wa miaka 13 nitakayemwita Mheshimiwa, kwa sababu jina lake si langu kulitoa. Alikuwa amekaa kwenye nyumba za namna hii tangu ana miaka 8. Amepitia wafanyakazi wengi kuliko mhadhiri wangu yeyote, na maneno yetu yote anayajua.

"Kaka," akasema polepole, "naona mabega yako yamefika masikioni."

"Niko sawa."

"Nakusikia ukisema uko sawa." Akanyamaza, kunyamaza kulekule tulikofundishwa muhula wa kwanza. "Lakini friji umeifungua mara tatu."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeishika mlango.

"Una mawili ya kuchagua," akaendelea. "Ukae hapa na sisi, au utoke nje upate hewa. Yote ni sawa. Hakuna atakayekukasirikia."

Nikachagua hewa. Nikaenda kwenye ndoana, nikavaa koti, nikaingiza mkono mfuko wa ndani kutafuta glavu.

Kuna aina ya ubaridi ambayo haitokani na hali ya hewa. Nilirudi sebuleni nimekishika kisu kwa vidole viwili, kama mkia wa panya. Mwenzangu alikuwa bado kwenye simu na msimamizi. Akaniangalia, akaangalia kisu, akasema kwenye simu, "Kimepatikana," kisha baada ya kusikiliza, "Hapana, si mtoto."

Msichana wa kwenye kona ya kochi alicheka mpaka akaanguka na blanketi. Mheshimiwa hakucheka. "Asante kwa kuwa mkweli," aliniambia. "Najua haikuwa rahisi."

Ripoti nikaiandika mwenyewe, mara tatu. Ya kwanza msimamizi aliirudisha kwa sababu niliandika "mwanafunzi alifedheheka". Fedheha haionekani, akasema, andika ulichokiona na kukisikia. Ya pili niliandika "mwanafunzi alitamani ardhi ipasuke", nayo ikarudi. Iliyokubaliwa inasomeka hivi hadi leo kwenye faili: "Saa 5:25 usiku mwanafunzi alitoa kisu mfukoni mwake. Mwanafunzi alikaa sakafuni kwa dakika 4. Kijana alimpa maji."

Alhamisi iliyofuata, saa ya kuondoka, Mheshimiwa alikuwa amesimama mlangoni kwa pajama, mkono umenyooshwa.

"Mifuko," akasema.

Nikacheka, nikaigeuza yote. Kalamu. Kadi ya basi. Glavu moja. Na ufunguo wa kabati la visu, ambao mwenzangu alinipa tangu saa kumi jioni nimshikie dakika moja tu.

Mheshimiwa alishusha pumzi ndefu, akavuta kiti.

"Kaa," akasema. "Tuongee."