Kuondoka Majaliwa

Tanga wana msemo wao: waja leo, kuondoka majaliwa. Mama mkwe wangu aliusikia siku ya kwanza, kwa muuza leso wa Ngamiani, akacheka mpaka akashika mbavu. Siku ya tano hakuwa akicheka.

Tulitoka Mombasa watu sita: mimi, mke wangu, mama mkwe na watoto watatu. Kuvuka mpaka wa Horohoro tu, maelfu yangu ya Kenya yakageuka malaki ya Tanzania, nikaanza kutembea kama mwenye meli. Tukaogelea Raskazone, tukala samaki, nikawasimulia watoto jinsi nyuki walivyowatimua askari wa Mwingereza vitani hapo hapo Tanga mwaka 1914. Pasipoti zote sita nilizitia kwenye mkoba wa kiunoni, chini ya fulana, nikilala nao. Mke wangu alisema akabidhiwe mama. Nikamjibu, "Mambo ya mipaka niachie mimi."

Siku moja kabla ya kurudi tukaenda Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini, barabara hiyo hiyo ya kwetu. Kijana aliyetutembeza akatusimulia hadithi za wenyeji: kwamba pango linafika Mombasa, na kwamba mbwa wa Wazungu aliingilia hapo akaja kuonekana Kilimanjaro. Nikasema, basi tumeokoa nauli. Nikacheka peke yangu.

Kuna mahali njia inabana, huna budi kutambaa. Watoto wakapenya kama mijusi. Mama mkwe, na miaka yake 71, akakusanya buibui akapita huku akisoma Ayatul Kursi. Mimi kichwa kikapita, mabega yakapita, mkoba ukakwama. (Mke wangu anasema haukuwa mkoba.) Popo nao wakaniteremshia walichojaaliwa. Kijana akanivuta mikono, mke wangu akanisukuma kwa nyuma, tena kwa mguu, na naapa alikuwa akifurahia. Kitinda mimba wangu akauliza, "Sasa baba atakuwa akilala huku?" Nikachomoka ghafla kama kizibo.

Usiku, gesti, navua fulana niende kuoga: kiuno kitupu.

Alfajiri nikachukua bajaji. Mama mkwe akakataa kubaki. Kijana alikuwa hata chai hajanywa. Tukaingia na tochi mpaka pale penye tundu, hapana kitu. Nishaanza kutunga maneno ya kumwambia afisa wa uhamiaji, mara nasikia mama mkwe akiniita kutoka upande wa mzimu, pale watu wanapoacha sadaka zao na kuomba watoto na riziki.

Mkoba wangu ulikuwa umelazwa kwa adabu kati ya sarafu na chupa za marashi. Mtu aliuokota, akadhani ni nadhiri, akaurudisha kwa wenyewe. Na mwingine aliyekuja na shida zake akaumiminia chupa nzima ya marashi mawaridi.

Mama mkwe akasema bismillahi, akauchukua, akajifunga yeye kiunoni. Sikubisha.

Horohoro, afisa akafunua pasipoti ya kwanza, akanusa. Akafunua ya pili, akanusa tena, akatutazama sote.

"Mlikuja harusini?"

"Muulize huyu bwana," mama mkwe akasema, macho kwenye leso yake. "Mambo ya mipaka anayajua yeye."